Kigae Ambacho Hakikutajwa Jina

Mama mkwe wangu hakuponda kigae hata kimoja bila kukishika kwanza na kusema ni cha nani.

Hili nalieleza pole pole maana wajukuu zangu hawalijui. Ukichota udongo wa mfinyanzi bondeni ukaufinyanga hivyo hivyo, chungu kitakauka vizuri na wewe utafurahi, halafu kikifika motoni kitapasuka. Lazima uuchanganye na kitu kilichokwisha kupita kwenye moto. Kule kwetu, upande wa Maposeni, wanawake walitumia vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Walivisaga juu ya jiwe, wakavichekecha, na ule unga wakaukanda pamoja na udongo mbichi. Ndiyo maana chungu kikivunjika hakuna aliyekitupa. Kiliwekwa nyuma ya jiko kwenye lundo, kikisubiri siku yake ya kuingia ndani ya chungu kingine.

Mimi niliolewa pale nikitokea Mshangano, mtoto wa watu wa mahindi na maharage, sijui chungu zaidi ya kukipikia. Wiki ya kwanza nikataka kuonekana mkwe hodari. Nikafagia uwanja wote, nikafika nyuma ya jiko, nikakuta lile lundo la vigae. Nikaleta kikapu, nikaanza kuvijaza nikavimwage shimoni.

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga kizingitini. Aliinuka na ungo wake.

"Unawapeleka wapi wenzio?" akaniuliza.

Nikatazama nyuma, nikadhani anasema na mtu mwingine.

"Hao, hao uliowabeba. Wamekukosea nini, wewe uliyefika juzi tu?"

Basi tukakaa chini pale pale, na siku hiyo ndiyo nilifundishwa. Alikuwa anaokota kipande, anapitisha kidole gumba upande wa ndani, anafumba macho. "Huyu mama yangu. Unaona alivyomaliza mdomo wa chungu? Alikuwa na haraka siku zote, hata kufa alikufa kwa haraka." Anaweka chini, anachukua kingine. "Huyu dada yake bibi. Mashoto. Mistari yake yote imelalia huku." Kila mmoja alimtaja kwa jina lake kamili, jina la nyumbani na la ubatizo kama alibatizwa. Walikuwa wanawake saba. Wa kwanza kabisa mama mkwe hakuwahi kumwona kwa macho. Alimfahamu kwa vigae tu, kama vile yeye mwenyewe alivyoonyeshwa na bibi yake. Na hata hivyo vigae vya yule wa kwanza vilikuwa vimeshapondwa karibu vyote. Kilibaki kimoja kidogo kama ukucha, na hicho hakuruhusu kipondwe.

Nikamuuliza, "Sasa mama, wakishapondwa wanakuwa wapi?"

Akanionyesha mtungi wa maji uliokuwa pembeni. "Si hao humo? Unakunywa maji kwao kila siku na shukrani hutoi."

Sijui nisemeje. Nilishikwa na kitu kama kile cha kanisani, wakati kengele inapogongwa na watu wote wanapiga magoti. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na tisa nikinywea mitungi na kupikia vyungu bila kujua nimeshika watu. Majina ya wale saba ninayo mpaka leo, naweza kuyataja usingizini, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Sitayaandika hapa. Yalikuwa majina ya kutamkwa kigae kikiwa mkononi, na mimi darasa la nne langu sijui kama karatasi inatosha kuyabeba.

Miaka ikaenda. Nikajifunza kuchota, kukanda, kufinyanga vyungu vidogo vya mboga na bakuli. Mitungi mikubwa, ile inayofika kiunoni, sikuiweza. Katika kijiji chote aliyeiweza alikuwa mama mkwe peke yake. Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, maduka yakafunguka. Malori yakaanza kuteremka na ndoo za plastiki, nyekundu, bluu, kijani, na sufuria za kung'aa unazoweza kujiona sura. Sisemi vibaya. Ndoo ya plastiki ni nyepesi, shingo inapumua. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo mbili. Lakini wanawake waliofinyanga pale kwetu, waliokuwa watano, mmoja mmoja wakaacha, tukabaki mama na mimi.

Wifi yangu, binti yake mama mkwe, alikuwa anaishi Mjimwema na kuuza hizo hizo ndoo sokoni. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye moyo, na kinywa hakina mlango. Akija nyumbani ananikuta nimepakaa udongo mpaka viwikoni, anapaza sauti toka barabarani: "Jamani, kaka yangu alioa mtu au alioa kichuguu?"

"Kichuguu hiki ndicho kinachomlisha kaka yako," namjibu. "Wewe leta maneno, mimi nafinyanga."

Tunacheka, tunakumbatiana, anachafuka, anagomba.

Sasa macho ya mama mkwe yakaanza kuingia ukungu. Kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia. Alikuwa anasalimiwa "Shikamoo mama," anaitikia marahaba huku anaangalia mtu wa pembeni. Akaanza kujikwaa. Wifi hakuona raha, na kusema kweli alikuwa na haki ya kutoona raha. Siku moja alikuja akasema wazi mbele yetu wote.

"Mama, weka mikono chini. Utaanguka kule bondeni na udongo wako, tukuokote umevunjika. Njoo Mjimwema ukae kwangu, kuna kitanda, kuna maji ya bomba."

"Nikafanye nini huko?"

"Upumzike."

"Nikafanye nini huko?" akauliza tena, kana kwamba hajajibiwa.

Wakati ule kijiji kilikuwa na jambo. Kijana wetu mmoja alikuwa amepata upadri na angekuja kusoma misa ya shukrani kwenye kigango, kanisa letu dogo la kijijini, baada ya mavuno. Wazee wakataka togwa la watu wote, na wakaja kwa mama kuomba mtungi mkubwa kama ule wa zamani. Wifi akasema yeye ataleta mapipa mawili ya plastiki na suala litakuwa limekwisha.

Mama mkwe alisugua viganja vyake. Halafu akasema, "Nitaufinyanga huo mtungi. Ukitoka salama, usinitajie tena Mjimwema. Ukiharibika, basi mikono imekwisha kama macho yalivyokwisha. Nitafunga mzigo mwenyewe nije nikulindie ndoo zako."

Wifi akasema, "Mama, mimi sibishani na wewe."

"Hubishani. Tumekubaliana."

Wifi alikuwa anamwonea mama yake huruma, hilo nililiona. Ila mimi nilijua mama akiondoka pale ataondoka na mitungi yote, maana sikuwa nimejifunza hata nusu. Na nilijua kitu kingine, kwamba mwanamke yule akiwekwa kwenye kiti bila udongo mkononi hatamaliza mwaka.

Kosa nililifanya mimi. Kwa ajili ya mtungi mkubwa vigae vingi vinahitajika, kikapu na nusu. Siku ya kuponda, mama alikuwa ameitwa kwa jirani aliyefiwa, na mimi nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Nikasema moyoni, leo sina wa kunitajia majina, na haya majina yanachelewesha kazi. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Nikavichukua tu kutoka kwenye lundo, nikavisaga kama mtu anayesaga karanga.

Kimoja nilikiona ni cheupe upande wa ndani. Sikuwa mjinga, nilijua weupe huo umetoka wapi. Krismasi iliyopita tulipaka kanisa la kigango rangi nyeupe, na chungu kimoja cha mama ndicho tulichokorogea. Kilipopasuka tulikirudisha kwenye lundo kama kawaida. Toka zamani kanisa lilipakwa udongo mweupe wa bondeni, na vyungu vya kukorogea vilipondwa na havikudhuru kitu. Ila mwaka ule haukutumika udongo wa bondeni. Ilinunuliwa chokaa ya mfuko kutoka mjini, kwa sababu sasa ilikuwepo madukani na ilikuwa nyeupe kupita maziwa. Sikufikiri kama kuna tofauti. Nyeupe ni nyeupe. Nikakisaga pamoja na vingine.

Mama aliporudi, mimi nimeshakanda. Akafanya alivyofanya siku zote: akamega kidogo, akaweka ulimini, akatafuna taratibu kwa meno ya mbele. Yeye alionja udongo kama mwingine anavyoonja chumvi ya mchuzi. Akaacha kutafuna.

"Mwanangu, kuna kitu humu kinauma."

"Kinauma vipi, mama?"

"Kinauma ulimi. Kwa mbali."

Ningeweza kusema pale pale. Lakini ningesema, angeuliza kwa nini sikuvipitisha mkononi mwake, na udongo wote ungemwagwa, na siku zilikuwa zinakimbia. Nikasema, "Labda ni majivu, mama. Nilipondea karibu na jiko."

Kabla ya ule ukungu asingekubali. Angenitazama usoni na mimi ningesema ukweli. Siku hiyo alipapasa donge, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Labda ni mimi. Mtu akizeeka hata ulimi unamdanganya."

Maneno yale yaliniingia, lakini niliendelea kukanda.

Akaufinyanga ule mtungi kwa siku nne. Ukakauka kivulini wiki mbili, tunaugeuza kama mgonjwa. Siku ya kuuchoma ilikuwa mchana hauna upepo. Tukapanga magome chini, tukaulaza, tukaufunika kuni na nyasi kavu mpaka hauonekani. Majirani walikuja, lakini penye moto wa vyungu hakuna anayepiga kelele, kwa hiyo walisimama mikono kifuani. Nyasi zikaungua, kuni zikaanguka, na katikati ya makaa tukauona umekaa mwekundu kama jua linapozama, mzima, mnene, hauna hata ufa. Kuna mwanamume mmoja alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Uko vipi?" mama akaniuliza, maana yeye aliona wekundu tu.

"Mzima, mama. Mzima kabisa."

Akakaa chini kwenye majani kama msichana. Tukapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Ulipopoa tuliujaza maji ili uyazoee. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nawasha moto wa uji, nikasikia kitu kinalia *tap*. Nikadhani ni mjusi darini. Kikalia tena. Nikatoka nje nikasogea kwenye mtungi, na mbele ya macho yangu kipande cha ukubwa wa kucha kiliruka chenyewe kutoka tumboni mwa mtungi kikaanguka chini. Hakuna mkono uliougusa. Palipotoka paliacha shimo, na katikati ya shimo kuna chembe nyeupe. Baadaye nilijifunza: chokaa iliyopita motoni ikinywa maji huvimba, ikarusha udongo ulioifunika.

Kwa siku tatu mtungi ulitema. Ulitema mchana, ulitema tunakula, ulitema tukisali rozari. Mwili wote ukawa kama wa mtu aliyeugua ndui, na maji yakaanza kutoka kama jasho. Majirani waliokuja kushangaa uzuri wake sasa walipita mbali. Mmoja alisema mtungi umerogwa. Mimi niliogopa zaidi yao, maana mimi niliona ile chembe nyeupe na nikajua aliyeuroga ni nani.

Jumapili wifi akaja. Aliuona mtungi kabla hajatusalimu. Nilingoja aseme lolote la kuchekesha. Akaenda akakaa karibu na mama yake, akamshika goti. Mama alikuwa amepapasa yale mashimo yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu shanga.

"Nipeni lile shuka langu kubwa," akasema.

Akalitandaza chini. Akaanza kuweka vitu vyake: gunzi la kusawazishia, kipande cha kibuyu, jiwe lake la kulainishia lililoingia kidole mpaka likawa na kishimo. Wifi alikuwa analia kimya kimya. Nadhani naye hakutaka kushinda namna ile.

Nikapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, usifunge."

"Tumekubaliana, mwanangu. Mtu hasemi halafu akameza."

"Si mikono yako. Ni mimi."

Nikasema yote. Nilisema sikumngoja. Nilisema nilivipondaponda bila kuvitaja. Nilisema kigae cheupe nilikiona kwa macho yangu haya na kilikuwa na chokaa ya mfuko ile ya kanisa.

Alikuwa ananisikiliza na mkono umeshika jiwe.

"Na nilipokuambia kinauma?"

"Nilikudanganya, mama. Hapakuwa na majivu."

Wifi akasema, "Wewe!"

"Hicho chungu cha chokaa kimebaki kipande?" mama akauliza.

Nikakimbia kwenye lundo. Kilikuwepo kimoja, ubavu wa chini. Nikamwekea mkononi. Akakipapasa nje, akasema jina la aliyekifinyanga, na jina lilikuwa lake mwenyewe. Akakipapasa ndani. Halafu akakiweka ulimini. Akakaa nacho. Sijui nilikuwa nangojea kofi au laana.

Akatema mate pembeni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka shuka likatikisika na gunzi likabingirika.

"Ndiye huyu! Huyu huyu! Kinauma vile vile!" Akampiga binti yake begani. "Unasikia? Ulimi wangu mzima! Wiki tatu hizi nimelala naambiwa na moyo, umekwisha, hata ulimi umekuacha. Kumbe mzima! Aliyeharibika ni huyu hapa, mwenye macho yake mawili!"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe, lakini siyo leo. Leo acha nifurahi." Kisha sauti ikabadilika, akanigeuzia uso. "Ulidhani nawataja ili wasikie? Wamekufa, watasikia nini? Nawataja ili mkono wangu upite kwenye kila kipande. Huwezi kusema jina la mtu bila kumgusa vizuri. Ungeniletea hiki, kidole kingerudi na unga mweupe, tungekiweka kando, basi. Kazi yote ile imeuawa na mtu mwenye haraka."

Miaka yote nilidhani ile ilikuwa heshima tu, kama kuvua viatu. Kumbe ndani ya heshima kulikuwa na kazi, na wale wanawake saba waliiweka humo ili mtu mvivu asiweze kuiruka.

Wifi alifuta pua. "Sasa mama, Mjimwema je?"

"Mjimwema nitakuja kukusalimia. Leta mapipa yako, watu ni wengi, togwa litajaa kote. Lakini mtungi wangu utakaa katikati."

"Zimebaki wiki tatu tu. Utaweza?"

"Wewe vua hicho kitenge cha mjini ukakande."

Wifi alikanda. Niliona kwa macho yangu mama wa ndoo za plastiki akikanyaga udongo kwa miguu, analalamika kila hatua, na hatua zake zilikuwa sawasawa, maana alikuwa amefundishwa utotoni na mwili haukusahau. Mimi nilileta vigae kimoja kimoja. Mama alivishika, akavitaja. Mara hii aliniambia nitaje baada yake. Nikikosea jina, ananirudishia kigae. Tulimaliza jua limepita kichwani, na unga ukawa haba lakini safi. Alipoonja udongo alinimegea na mimi, akampa na binti yake. "Haya, semeni." Tukatafuna, tukasema hauumi. "Hauumi," akaitikia.

Ndipo akaanza. Nilikuwa nimemwona akifinyanga mara nyingi, lakini siku zote nilikuwa naangalia chungu. Siku hiyo nilimwangalia yeye. Tulimwekea kitako cha udongo juu ya kigae kipana, na alipoinua ukuta wa kwanza aliinama kutoka kiunoni, mkono mmoja ndani, mwingine nje, akaanza kuuzunguka akirudi kinyumenyume. Kwetu hakuna kifaa cha kuzungusha udongo. Mfinyanzi ndiye anayezunguka. Mwanamke yule aliyejikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe, aliyesalimia mti akidhani ni mtu, alikuwa anatembea nyuma nyuma kwenye uwanja wenye mizizi na mawe, hagusi kitu, hakosi hatua, na ukuta ulikuwa unapanda nyuma ya mikono yake kana kwamba ulikuwepo toka zamani na yeye anaufunua tu. Macho alikuwa ameyafumba kabisa. Nikaelewa kwamba siku zote alikuwa anayafumba pale, hata yalipokuwa mazima.

Wifi alinishika mkono. Vidole vyetu vyote vilikuwa na udongo.

"Mama," akaita taratibu, "nikushikie?"

"Sogea," mama akasema, "uko njiani mwangu."